Kisu Nimeshika Mimi, Mpini Anao Mama Mkwe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, Ngamiani, lakini huu ni mwaka wa 6 naishi Hilo, kwenye kile kisiwa kikubwa cha Hawaii. Nimeolewa na mtu wa hapa hapa, kitukuu cha Wajapani walioletwa kukata miwa. Tuna mtoto mmoja wa miaka 4. Nakuandikia usiku, nyumba nzima imelala, na haya ninayokueleza mume wangu hajui nusu yake.

Mama mkwe wangu ana kibanda cha barafu. Si barafu za mfukoni kama zile za ukwaju tulizokuwa tukinyonya baada ya madrasa. Hapa bonge zima la barafu linawekwa kwenye mashine, linazungushwa juu ya kisu, kisu kinalikuna linashuka kama nazi inayotoka kwenye mbuzi, ila laini zaidi, ukiitia mdomoni imeshapotea. Unaijaza kwenye kikombe, unaifinyanga iwe kama mpira, unaimwagia shira: karakara, pera, nazi, nanasi, au rangi tatu kwa pamoja kwa wale wanaotaka picha. Chini ya kikombe kuna maharage mekundu madogo yaliyopikwa na sukari, wanayaita azuki. Juu kabisa maziwa mazito ya kopo. Jina lake shave ice, lakini wazee wa Hilo wanaligeuza, wanasema ice shave, na ukisema vingine wanajua wewe mgeni.

Kibanda alikirithi kwa mama yake. Zamani walikuwa na duka Shinmachi, mtaa wa Wajapani uliokuwa kando ya bahari. Wimbi la tsunami la Mei 1960 likauzoa mtaa wote, haukujengwa tena. Wakapanda juu kidogo, wakaanza upya na dirisha moja la kuuzia barafu. Dirisha ni hilo hilo hadi leo.

Miaka 3 iliyopita vidole vya Mama vilikakamaa kwa yabisi, hawezi tena kufinyanga barafu. Akavua aproni yake, akanivisha mimi, akasema, "Sasa wewe." Maneno mawili, basi. Tangu siku hiyo nafungua saa nne asubuhi, nafunga saa kumi na mbili jioni, siku 6 kwa wiki. Yeye huja kila siku. Kuna kiti kimoja tu pale ndani, kiko pembeni ya friza, ni chake. Anapika maharage mwenyewe, hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa lile sufuria. Akimaliza anakaa, ananitazama mikono.

Shangazi, kibanda hiki kinakufa na mimi ndiye ninayekiona kinavyokufa. Kikombe chenye maharage na maziwa tunauza dola 3.50. Bei hiyo ni ya tangu 2009. Nimepiga hesabu: kikombe, kijiko, mrija, sukari, maharage, maziwa na barafu vinakula dola 1.90. Pango, umeme na maji kwa mwezi ni dola 1,150. Kwa wastani nauza vikombe 55 kwa siku, maana hapa mvua ni ya kila leo. Siku ikinyesha kutwa nauza 15. Mimi sina mshahara. Nikihitaji pesa nachukua kwenye droo, namwambia Mama, anaitikia kwa kichwa.

Mwezi wa pili meli ya watalii ilitia nanga, watu wakashuka kama siafu. Nikakata ubavu wa boksi, nikaandika kwa kalamu nene: dola 7. Majirani wakija nawachukulia 3.50 kimya kimya. Basi mzee mmoja mgeni akauliza mbona aliyemtangulia amelipa nusu yake. Kabla sijapata la kujibu, Mama akasimama, akalibandua lile boksi, akaligeuza, akalifunikia sufuria la maharage. Akamrudishia yule mzee pesa yake ya ziada mkononi. Halafu akaniambia mbele ya foleni, "Na barafu yako leo ni mchanga." Mume wangu alikuwa nyuma anashusha mifuko ya sukari. Alisikia. Akaendelea kushusha sukari.

Nilijaribu pia kuleta kitu changu. Nikapika shira ya ukwaju, nikaitia chumvi kidogo na pilipili, kama tunavyokula achari kwetu. Mama akaonja kwa ncha ya kijiko, hakusema lolote, akaenda zake. Kesho yake nilichelewa kwa sababu ya mtoto, nikakuta chupa ya ukwaju imepungua hadi nusu. Sikuuliza.

Sasa siri yenyewe. Jumatatu, siku tunayofunga, nasafisha vyumba vya wageni. Pesa hiyo nacheza mchezo na wenzetu walioko Marekani bara, miji ya Columbus na Minneapolis. Tuko 20, kila mwezi dola 300. Zamu yangu ilikuwa ya 11, mwezi uliopita nimepokea dola 6,000. Upande wa pili wa barabara kuna fremu tupu. Nimeshaiulizia. Mashine ya umeme niliyoiona ni dola 2,100. Nataka kufungua kibanda changu, bei yangu, ukwaju wangu, bila mtu wa kunitazama mikono. Mume wangu hajui pesa hii wala fremu hii.

Nifungue, au nivumilie mpaka Mama achoke mwenyewe?

Mkamua Shira, Hilo

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili niliisoma nikiwa na penseli, kwa sababu una hesabu nzuri na hukuimaliza. Nina mpwa anayefanya kazi Honolulu. Nimemsumbua kwa simu wiki nzima, asubuhi yangu ikiwa jioni yake ya jana, mpaka akaniuliza kama nami nataka kufungua kibanda.

Kwanza niwaambie wasomaji wengine, maana najua kuna anayecheka kwamba watu wanagombea barafu. Hiyo si barafu ya kupozea koo tu. Wajapani walipoanza kwenda Hawaii kwa wingi kwa mikataba ya mashamba ya miwa, kuanzia 1885, walikwenda na kakigori yao, barafu ya kukuna ya kwao, na baada ya vizazi viwili vitatu imekuwa chakula cha kila mtu visiwani. Obama, ambaye baba yake alitoka kwetu Kenya mwaka 1959 kwenda kusoma chuo kikuu cha Hawaii, alipokuwa rais alirudi kisiwa cha Oahu karibu kila Desemba, akaonekana na mabinti zake wakila barafu hiyo hiyo. Mama mkwe wa Hilo akikuvisha aproni yake, hajakupa kibarua.

Lakini pia hajakupa biashara. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, na hukuliandika popote katika barua ndefu namna ile. Umeandika bei, umeandika boksi, umeandika mikono kutazamwa. Hukuandika kibanda ni cha nani.

Leseni ya kodi ina jina la nani? Kibali cha idara ya afya? Mkataba wa pango? Nakujibia mwenyewe: yote ni jina lake, na huenda mkataba wa pango hauna hata karatasi. Wewe umepewa kisu cha mashine, ukishike kutwa, lakini mpini anao yeye. Mwenye kushika makali akivuta anajikata mwenyewe, na siku ile ya meli ulivuta.

Nalijua hilo kwa ngozi yangu. Nilikaa miaka minne kwenye duka la vitambaa la mavyaa wangu, nikipima khanga kwa yadi, nikijua kila mteja na deni lake. Ufunguo wa droo ulikuwa kiunoni kwake. Alipofariki, watoto wakakaa kugawana, jina langu halikuwepo hata kwenye daftari la wadaiwa. Sikudhulumiwa, kusema kweli. Sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwahi kufikiri kwamba kuna swali.

Sasa twende kwenye hesabu yako. Kikombe 3.50, toa 1.90. Halafu kuna kodi ambayo hukuitaja. Hawaii hawatozi faida tu, wanatoza mauzo yote yaliyoingia, hata ukipata hasara, na kwenye kisiwa chenu ni asilimia 4.5. Kwa kikombe cha 3.50 hiyo ni senti 16. Kinabaki 1.44. Mara vikombe 55, ni dola 79 kwa siku. Mara siku 24, kama 1,900. Toa 1,150 ya pango na umeme, zinabaki dola 750. Wewe umesimama saa 8 kwa siku, saa 192 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: haifiki dola 4 kwa saa, na hapo Mama hajala hata senti kwa maharage yake. Kima cha chini cha mshahara Hawaii kimepangwa na sheria: dola 14 kwa saa kuanzia 2024, dola 16 kuanzia 2026. Ukiosha vyombo kwenye hoteli utapata mara nne ya unachopata ukiwa "mwenye kibanda".

Kwa hiyo kibanda kinakufa kweli. Hapo uko sawa, na usimruhusu mtu akuambie ni tamaa. Sukari yenyewe siku hizi inawafikia kwa meli, maana kiwanda cha mwisho cha miwa Hawaii, kule kisiwa cha Maui, kilifungwa Desemba 2016. Nchi iliyojengwa kwa miwa inanunua sukari ya nje! Na umeme wa Hawaii ndio ghali kuliko jimbo lolote la Marekani, nawe unaendesha friza usiku na mchana. Bei ya 2009 haiwezi kubeba vitu hivi.

Ila tazama tena. Ukipandisha hadi dola 5, na tuseme ukapoteza wateja 10 kwa siku, hesabu inakuja kama dola 10 kwa saa. Ni afadhali kubwa, na bado hufiki kima cha chini. Fremu ya upande wa pili wa barabara itakuwa na pango lake, umeme wake, friza lake, na wateja utakaogawana na Mama. Mvua ni ile ile. Unachotaka kununua kwa dola 6,000 ni uhuru wa kutotazamwa mikono, na ni ghali mno kwa bei hiyo.

Halafu hizo dola 6,000 si 6,000. Wewe mchezaji wa mchezo wa muda mrefu, unajua. Zamu yako ilikuwa ya 11 kati ya 20. Bado una miezi 9 ya kutoa 300, yaani 2,700 ni ya watu. Yako iliyo huru ni 3,300. Ukinunua mashine ya 2,100 unabaki na 1,200, na fremu itataka pango la miezi kadhaa kabla hujakuna hata kikombe kimoja. Mwezi wa kwanza mvua ikikukalia, utakosa 300 za mchezo, na watu wa Columbus hawana habari na mvua ya Hilo.

Nirudi siku ya meli. Bei mbili kwa foleni moja haikubaliki hata Tanga. Yule mzee hakukosea kuuliza. Lakini cha kushangaza ni kwamba ulichokuwa unakitafuta huko Hawaii kina jina, na kila mtu anakijua. Wanaita bei ya kama'aina, mtoto wa ardhi. Hoteli na mikahawa mingi visiwani wanafanya hivyo mchana kweupe: bei iko ubaoni, mwenyeji akionyesha kitambulisho cha pale anapunguziwa. Mgeni anaona, haoni ameibiwa. Wewe ulipandisha bei ya mgeni kwa kificho, wakati ungeweza kushusha ya mwenyeji kwa sauti. Senti ni zile zile, heshima ndiyo inayotofautiana, na Mama mkwe wako aliliona hilo kabla ya mimi na wewe.

Ningekuwa mimi, ubao ungesema dola 5.50, kama'aina 4.50, na kikombe kidogo cha keiki, yaani watoto, kibaki 3.50 ile ile ya Mama. Usiguse bei ya watoto. Sijui amewauzia watoto wangapi wa mtaa huo tangu mashamba ya miwa ya pwani ya Hamakua yalipofungwa 1994 na baba zao wakarudi nyumbani mikono mitupu, lakini mwanamke wa umri wake, katika mji huo, anazo sababu za kushikilia bei ambazo hazimo kwenye daftari lako. Muulize. Usimuulize "kwa nini hutaki kupandisha", muulize bei ilikuwa ngapi mwaka ule, na ni nani alikuwa halipi.

Na lile la mchanga. Utanisamehe, lakini hapo Mama alisema kweli, na nadhani ndilo lililokuuma zaidi kwa sababu ulilijua. Siku ya meli ulikuwa unatoa bonge friza unalipeleka moja kwa moja kwenye mashine, sivyo? Barafu iliyotoka friza sasa hivi ina ukungu mweupe na baridi kali, ni kavu. Kisu hakiikuni, kinaipasua, inatoka chenga. Shira ikimwagwa juu ya chenga haikai, inateremka hadi chini. Mteja anavuta mrija anapata sukari tupu, anabaki na mlima mweupe usio na ladha. Bonge linatakiwa likae nje kwanza, dakika kumi na tano, hata zaidi siku ya baridi, mpaka ule ukungu uondoke na liwe kama kioo kilicholowa maji. Ndipo kisu kinateleza. Unajua nazi inavyokunwa na mtu mwenye haraka? Anatoa mapande, mara kifuu nacho kimo. Siku ya foleni, bonge la pili litoke friza wakati la kwanza linaingia kwenye mashine, na la tatu vivyo hivyo. Na utazame kisu kimenolewa lini mara ya mwisho. Haya yote Mama anayajua kwa kusikiliza mlio wa mashine tu. Ndiyo maana anatazama mikono yako. Hakulindi kama polisi.

Sasa lile la ukwaju, ambalo umeliandika kwa mistari mitatu kisha ukaliacha. Chupa ilipungua hadi nusu, wewe hukuwepo. Nani aliyeuza? Na vidole vile vilivyokakamaa! Mwanangu, huyo mama alisimama, akafinyanga barafu kwa mikono inayouma, akawamiminia watu ukwaju wako, akaosha kijiko, akakaa kimya. Mpwa wangu ameniambia huko wana unga wa plamu kavu yenye chumvi, li hing mui, wanaunyunyiza juu ya barafu, juu ya matunda, juu ya kila kitu. Chumvi, uchachu na utamu kwa pamoja. Ukwaju wako kwake haukuwa mgeni hata kidogo. Alionja akakuta kitu cha utotoni mwake kimevaa nguo nyingine. Alivyokuambia "Sasa wewe" kwa maneno mawili, kwa ukwaju amekuambia bila hata moja. Ni mtu wa namna hiyo, na umeolewa kwao miaka 6, ni wakati wa kuanza kumsoma.

Kwa hiyo jibu langu: usifungue ng'ambo ya barabara. Si sasa, na si hapo. Ukifungua macho kwa macho na dirisha la mama mkwe wako lililosimama tangu 1960, mji mzima utakuwa na kesi moja ya kusikiliza, na wewe ndiye utakayekuwa mshitakiwa, hata barafu yako ikiwa laini kama pamba.

Omba mpini. Uombe kwa karatasi. Mwambie Mama unataka jina lako liingie kwenye kibanda, nusu kwa nusu kwa kuanzia, au akuandikishe kama mfanyakazi na mshahara unaoeleweka. Nakutaka uchague la kwanza, lakini la pili nalo si dogo. Marekani pensheni ya uzeeni ina pointi: unahitaji 40, na kwa mwaka unapata 4 tu, yaani miaka 10 ya kazi iliyoandikwa. Wewe umekuna barafu miaka 3 na mbele ya serikali hukufanya kazi hata siku moja. Zile Jumatatu za kusafisha vyumba, kama nazo unalipwa mkononi, ni hivyo hivyo. Leseni ya ile kodi ya mauzo ni dola 20 tu, unailipa mara moja. Kibali cha afya ndicho chenye kazi, nendeni wote wawili mkaulize jinsi ya kukiandika upya. Na mwenye nyumba aandike mkataba. Mama ana umri. Siku akilala asiamke, utakuta dirisha lina warithi usiowajua.

Akikataa? Basi umejibiwa, na hapo una haki ya kwenda zako. Utakwenda na mashine yako mpaka soko la wakulima, au kwenye sherehe za Obon, za Wajapani kukumbuka wafu wao, kwenye mahekalu kiangazi, au wiki ya tamasha la Merrie Monarch baada ya Pasaka mji unapofurika watu wa hula, ngoma ya Hawaii. Sehemu ambazo humchukulii mtu mteja. Huhitaji fremu hata kidogo kuanza, unahitaji kibali, hema na bonge lililokaa nje dakika zake. Ila sidhani atakataa.

Kabla ya Mama, kuna mumeo. Nimemwona pale nyuma na mifuko yake ya sukari na sikumpenda, lakini nawe umemficha dola 6,000 na fremu nzima. Hamna wa kumrushia mwenzake jiwe. Mwambie pesa leo, kabla hujamwambia lolote jingine, na umwambie pia zile 2,700 ambazo bado ni deni. Usimwombe aseme nawe kwa Mama. Mwombe akae tu, asishushe sukari, wewe utakaposema.

Na usiseme siku ya meli. Hilo mnapata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, siku ya kufaa haitachelewa. Ikinyesha kutwa na vikombe ni 15, nenda mapema, uyakute maharage wakati bado yanaloweshwa, umwombe akufundishe kuyapika. Nadhani tayari unajua sukari hutiwa mwishoni, yakishalainika, kama sivyo maganda yanakuwa magumu. Mpishi wa mbaazi za Tanga hahitaji kuambiwa hilo. Ajue kwamba unajua, lakini mwache akufundishe. Maharage ya azuki yanachukua saa nzima au zaidi motoni, na kibanda hakina mteja. Hapo ndipo useme.

Nunua na kiti cha pili, ukiweke upande wa pili wa friza kabla hajafika.